Gene Gauntier na Swali la Nani Aliyeandika Filamu za Kwanza

Mwezi Novemba 1911, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ambayo hadi leo inafundishwa katika vyuo vya sheria, yaani kesi kati ya kampuni ya filamu ya Kalem na wachapishaji wa vitabu Harper & Brothers. Jaji Oliver Wendell Holmes, aliyeandika hukumu hiyo kwa niaba ya wenzake, alianza kwa kueleza mambo yalivyotokea. Kampuni, alisema, ilimwajiri bwana mmoja aisome riwaya ya Ben-Hur na kuandika maelezo ya baadhi ya sehemu zake kwa namna ambayo yangeweza kufuatwa kwa vitendo mbele ya kamera. Bwana huyo hakutajwa jina, na kwa hakika hakuwa bwana. Aliyeifanya kazi hiyo mwaka 1907 alikuwa mwanamke mwenye umri wa miaka ishirini na ushei, Gene Gauntier, ambaye katika kampuni hiyohiyo alikuwa pia mwigizaji.

Gauntier anapokumbukwa siku hizi, hukumbukwa kwa orodha ya mambo aliyokuwa wa kwanza kuyafanya. Orodha kama hizo hupendeza kusoma lakini husaidia kidogo, kwa sababu humchukua mtu wa mwaka 1907 na kumvika vyeo ambavyo wakati huo havikuwepo. Tukimwita mwandishi wa miswada ya filamu, inatupasa kwanza kuuliza muswada wa filamu ulikuwa kitu gani wakati ule, ulikuwa mali ya nani, na kwa nini hakuna aliyeona haja ya kuuandikia jina. Kwa maoni yangu safari yake ya kazi inaeleweka vizuri zaidi ikitazamwa hivi: kazi ya kuandika filamu ilikuwepo kabla ya mwandishi wa filamu kutambuliwa, na siku thamani ya kazi hiyo ilipotambuliwa rasmi, haki hazikumwendea yule aliyeifanya.

Alizaliwa mwaka 1885 katika jimbo la Missouri, akiitwa Genevieve Gauntier Liggett. Alisomea ufasaha wa kuzungumza na kuigiza mjini Kansas City, kisha akaingia katika makundi ya tamthilia yaliyosafiri mji hadi mji. Maisha ya makundi hayo yalikuwa ya kubahatisha. Msimu ukiisha, au mwenye kundi akifilisika njiani, waigizaji walirudi New York kutafuta kazi nyingine, na filamu ilikuwa kimbilio la miezi ya kiangazi ambalo wengi wao waliliona aibu. Jukwaani mtu alikuwa na jina na sauti. Kwenye filamu bubu za dakika chache alikuwa sura tu, tena sura isiyotajwa popote. Ukimya huo uliwafaa waigizaji wenyewe, ambao hawakutaka wenye kumbi za tamthilia wajue walichokuwa wakifanya, na uliwafaa pia wenye kampuni, kwa kuwa mwigizaji asiyejulikana hana msingi wa kudai nyongeza ya mshahara. Gauntier aliingia mwaka 1906 katika filamu ya kampuni ya Biograph iliyoitwa The Paymaster, ambamo alitakiwa atupwe majini. Alikubali ingawa hakujua kuogelea.

Mwaka uliofuata ndipo Kalem ilipoanzishwa. Jina lake lilitokana na herufi za kwanza za majina ya ukoo ya waanzilishi wake watatu, George Kleine, Samuel Long na Frank Marion. Kampuni ilianza bila studio. Iliajiri muongozaji mmoja, Sidney Olcott, mzaliwa wa Toronto ambaye naye alitoka jukwaani, na filamu zilipigwa nje, mara nyingi Sound Beach huko Connecticut, karibu na nyumba ya Marion. Gauntier alijiunga nao mwaka huohuo.

Muswada ulivyokuwa kabla ya kuitwa muswada

Katika kumbukumbu zake alizoziandika miaka ishirini baadaye, Gauntier anaeleza jinsi hadithi zilivyoandaliwa mwanzoni. Marion alimkabidhi Olcott bahasha ya barua za biashara iliyokwisha kutumika, ambayo nyuma yake alikuwa amechora kwa mwandiko mdogo mpangilio wa matukio sita. Kila tukio lilikadiriwa kuchukua futi 150 za ukanda, sawa na mita 45 hivi, kwa sababu hicho ndicho kiasi ambacho kamera yao ndogo iliweza kubeba kwa mara moja. Maelezo haya mafupi yana mambo mengi. Yanaonyesha kwamba mgawanyo wa hadithi katika matukio haukutokana na nadharia yoyote ya utunzi, bali na ujazo wa sanduku la kamera. Yanaonyesha pia kwamba maandishi yalikuwa maagizo ya kazi ya wiki moja, kama karatasi ya fundi anayoandikia vipimo, na hakuna aliyefikiri kuyahifadhi baada ya filamu kukamilika.

Mtu aliyeandika maagizo ya namna hiyo hakuwa mtunzi machoni pa kampuni. Alikuwa ameokoa muda wa watu wengine. Ndiyo maana kazi hiyo iliweza kupewa mwigizaji bila mkataba mpya: Marion hakuweza kuzalisha hadithi za kutosha, kampuni ilihitaji filamu mpya kila wiki, na Gauntier alikuwa na mkono mwepesi wa kuandika. Jaribio lake la kwanza lilikuwa kuifupisha Tom Sawyer, riwaya ya Mark Twain kuhusu mvulana mtundu, mwaka 1907. Baada ya hapo alikuwa akiandika, akiigiza katika alichokiandika, na kushiriki katika kazi nyingine za uzalishaji zilizohitaji mtu. Mwaka 1908 alifanya kazi kwa muda katika idara ya hadithi ya Biograph, kisha akarudi Kalem.

Chanzo cha hadithi hizo kilikuwa rafu ya vitabu. Kila kampuni ya Marekani na Ulaya ilichukua riwaya, mashairi na tamthilia zilizojulikana na kuzibana katika rili moja, yaani gurudumu moja la ukanda, ya dakika kumi hadi kumi na tano, bila kumwomba mtu ruhusa na bila kujificha. Mtazamaji alikuwa anajua hadithi tayari, na kujua kwake kuliziba pengo ambalo filamu fupi bila sauti isingeweza kuliziba. Akiona vijana wawili wanapaka uzio rangi kama katika Tom Sawyer, alijua ni akina nani na nini kitafuata. Wenye vitabu kwa muda mrefu hawakujali, kwa kuwa burudani hiyo ya senti tano ilionekana kuwa haina uzito wa kuwapeleka mahakamani.

Ben-Hur, na hesabu iliyokuja baadaye

Riwaya hiyo ya Lew Wallace, kisa cha Myahudi wa zama za Yesu, ilitoka mwaka 1880 na kuwa miongoni mwa vitabu vilivyouzwa sana Marekani katika karne hiyo. Mwaka 1899 watayarishaji Klaw na Erlanger waliipeleka jukwaani New York kwa gharama kubwa, na mbio za magari ya farasi zilionyeshwa kwa farasi wa kweli waliokimbia juu ya mikanda iliyozunguka chini ya kwato zao, ili wakimbie bila kutoka mahali walipo. Wallace alikubali kwa sharti moja: Yesu asionyeshwe kwa umbo la mwigizaji. Jukwaani aliwakilishwa na mwali wa taa. Wallace alifariki mwaka 1905, na miaka miwili baadaye tamthilia bado ilikuwa ikizunguka na kuingiza fedha.

Hiyo ndiyo hadithi ambayo Kalem iliamua kuichukua. Sababu ilikuwa ya kibiashara tupu: huko Sheepshead Bay, Brooklyn, kampuni ya fataki ya Pain ilikuwa na maonyesho yake, yenye mandhari ya kale na watu waliovaa mavazi ya kale, ambayo Kalem ingeweza kuyatumia, na msimu ulikuwa unakaribia kwisha. Gauntier aliambiwa aandike upesi, na kwa maelezo yake alimaliza kwa siku mbili. Mavazi yalikodiwa kutoka Metropolitan Opera House. Matangazo ya Kalem yaliisifu filamu hiyo kuwa onyesho kubwa kuliko yote yaliyowahi kutengenezwa Marekani, katika matukio kumi na sita, na jina la Ben-Hur likawekwa wazi bila kuficha. Anayeitazama leo ataona kamera iliyotulia mbali, watu wanapunga mikono mbele ya jukwaa la watazamaji, na magari yanapita kwenye vumbi. Bila kujua riwaya, si rahisi kufuata kinachoendelea. Huo pia ni ushahidi wa jinsi muswada ulivyofanya kazi: haukusimulia kitabu, ulikikumbusha.

Harper & Brothers, warithi wa Wallace pamoja na Klaw na Erlanger walishtaki. Hapa ndipo mambo yanapohitaji kufumuliwa uzi kwa uzi, maana mara nyingi kesi hii hufupishwa kuwa "walikuwa hawajaomba ruhusa", na ufupisho huo hauelezi kwa nini ilichukua takriban miaka minne na kufika mahakama ya juu kabisa.

Sheria ya hakimiliki ya Marekani iliyotumika mwaka 1907 haikuitaja filamu hata mara moja. Mahakama zilikuwa zimekubali, katika kesi ya Edison dhidi ya Lubin ya mwaka 1903, kwamba ukanda wa filamu ungeweza kusajiliwa kama picha ya kawaida, na kwa sababu hiyo kampuni zilikuwa zikipeleka filamu zao Maktaba ya Bunge zikiwa zimechapwa kwenye karatasi, picha kwa picha. (Ni bahati ya ajabu kwamba karatasi hizo ziliokoa filamu nyingi ambazo kanda zake ziliungua au kuoza.) Sasa kama filamu ni mfululizo wa picha, Kalem ilikuwa na hoja nzito. Mchoraji anayechora tukio alilolisoma katika riwaya hajanakili riwaya, maana hajatumia sentensi yake hata moja. Kwa nini apigaye picha elfu kadhaa za tukio hilohilo awe mwizi?

Upande wa pili ulisimama juu ya marekebisho ya sheria ya mwaka 1891, yaliyompa mwandishi haki ya kujihifadhia uamuzi wa nani ageuze kitabu chake kuwa mchezo wa kuigiza. Swali likawa kama filamu bubu ni mchezo wa kuigiza. Holmes alijibu kwamba ni hivyo. Mchezo unaweza kuelezwa kwa vitendo bila maneno, kama maigizo bubu yanavyofanya tangu zamani. Na ikiwa maigizo bubu ya Ben-Hur yaliyochezwa mbele ya watazamaji yangekuwa ni kuigeuza riwaya kuwa mchezo, hayawi kitu kingine kwa sababu tu yameonekana kwa kuakisiwa kwenye kioo, au kwa sababu yametupwa ukutani na taa. Kwa hoja hiyo moja aliiondoa filamu katika daraja la picha na kuiweka katika daraja la hadithi.

Lilibaki suala ambalo kwangu ndilo gumu zaidi. Kalem haikuwa imemwonyesha mtu yeyote filamu ile. Ilitengeneza kanda na kuziuza kwa wafanyabiashara, nao ndio waliozipeleka kwenye majumba ya sinema. Ikiwa kosa ni kuonyesha mchezo hadharani bila idhini, mwenye kosa ni mwenye ukumbi. Holmes alikubali kwamba muuzaji wa kitu cha kawaida hawajibiki kwa kila matumizi mabaya ya mnunuzi, lakini akasema Kalem haikuuza kitu cha kawaida. Ilitarajia kanda zitumike kuonyesha hadithi ile, na ilizitangaza hasa kwa ajili hiyo. Matangazo yaliyoisifu filamu ndiyo yaliyoifunga kampuni. Kanuni hiyo ya kumwajibisha anayemwezesha mwingine kukiuka haki bado inatajwa katika kesi za hakimiliki za zama za kompyuta.

Kalem iliishia kulipa dola 25,000, fedha nyingi sana kwa filamu ya rili moja. Mwaka 1912 Bunge la Marekani likarekebisha sheria na kuitaja filamu kama aina ya kazi inayolindwa kwa jina lake lenyewe. Kuanzia hapo kampuni zilianza kununua haki za vitabu, na hadithi zilizotungwa moja kwa moja kwa ajili ya kamera zikapata bei, kwa kuwa hazikuwa na mwenyewe wa kudai. Kwa lugha nyingine, kurasa zilizoandikwa kwa siku mbili zilichangia kuifanya hadithi ya filamu kuwa mali. Gauntier hakushtakiwa wala hakulipwa. Katika kesi iliyohusu kazi ya mikono yake hakuwa hata mhusika.

Kuandika kwa ajili ya mwili wako

Wakati kesi ikipanda ngazi za mahakama, yeye alikuwa kazini kusini. Tangu msimu wa baridi wa 1908 Kalem ilikuwa ikipeleka kikosi chake Jacksonville, Florida, ambako jua lilipatikana wakati New York imefunikwa na theluji. Ardhi ile iliwapa vinamasi, misitu na majumba ya mashambani, na Gauntier akaitumia kutunga mfululizo wa filamu kuhusu Nan, msichana jasusi wa upande wa Kusini katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani. Filamu ya kwanza, The Girl Spy, ilitoka mwaka 1909. Aliiandika na kuicheza mwenyewe.

Katika filamu hizo Nan hupanda farasi kwa kasi, huvaa nguo za kiume na hukimbia na nyaraka za siri. Hapa tunamwona mwandishi na mwigizaji wakiwa mtu mmoja kwa maana ya kimwili kabisa, kwani kila sentensi aliyoandika usiku ilikuwa ni mchubuko atakaoupata mchana. Hakukuwa na mtu wa kumwakilisha kwenye matendo ya hatari. Kumbukumbu zake zinaonyesha kwamba hatimaye alichoka, na akatafuta njia ya mwandishi ya kujiokoa: akamwoza Nan ili vita na ujasusi viishe. Wenye majumba ya sinema walitaka zaidi, basi mwaka 1911 ikaja nyingine ambayo jina lake linasema kwa Kiingereza kuwa ni tukio la msichana jasusi ambalo lilikuwa halijasimuliwa bado. Ni ujanja ambao watunzi wa mifululizo wanauendeleza mpaka sasa, na sioni haya kusema ulinichekesha.

Mfululizo huo unaonyesha jambo ambalo kesi ya Ben-Hur haionyeshi. Nan hakutoka katika kitabu cha mtu. Alibuniwa kwa kufuata mandhari iliyokuwepo, farasi waliokuwepo, na uwezo wa mwanamke mmoja ambaye mwandishi alimjua vizuri kuliko mtu mwingine yeyote. Kama kuna mahali tunapoweza kusema bila kusita kwamba Gauntier alikuwa mtunzi, ni hapa.

Ireland na Palestina

Mwaka 1910 Olcott na kikosi kidogo walivuka bahari hadi Ireland kupiga sehemu za The Lad from Old Ireland, ambayo Gauntier alishiriki kuiandika na kuigiza. Ilikuwa miongoni mwa filamu za mwanzo kabisa za kampuni ya Marekani kupigwa nje ya bara lake. Kiangazi kilichofuata walirudi na kupiga kambi Beaufort, karibu na maziwa ya Killarney, wakatengeneza filamu kadhaa zikiwemo Rory O'More na The Colleen Bawn, hii ya pili ikiwa na rili tatu na ikitokana na tamthilia ya Dion Boucicault ya mwaka 1860. Soko lao lilikuwa mamilioni ya watu wa asili ya Ireland waliokuwa wakiishi miji ya Marekani. Urefu wa rili tatu unastahili kuzingatiwa, kwani filamu ikirefuka, mtazamaji hawezi tena kuachiwa kazi ya kukumbuka hadithi. Muswada unalazimika kueleza nani anataka nini na kwa nini.

Desemba 1911, mwezi mmoja tu baada ya hukumu, kikosi kiliondoka New York kuelekea Misri na Palestina. Huko Gauntier aliandika kazi iliyodumu kuliko zote, From the Manger to the Cross, maisha ya Yesu yaliyopigwa katika maeneo ya Biblia. Yeye mwenyewe alicheza Mariamu, na Mwingereza Robert Henderson-Bland akamcheza Yesu. Familia inayokimbilia Misri inaonekana ikipumzika mbele ya piramidi na sanamu ya Sfinksi. Maandishi yanayotokea kati ya matukio ni aya za Injili, pamoja na kutajwa kitabu, sura na mstari. Sidai kwamba Kalem ilichagua Injili kwa kuogopa mawakili, lakini ni dhahiri kwamba baada ya Novemba 1911 hapakuwa na chanzo salama zaidi ya hicho: kinajulikana na kila mtazamaji, na hakuna mchapishaji awezaye kukidai.

Kwa namna ya kuandika, filamu hii ni hatua ya mbali kutoka kwenye bahasha ya Marion. Ina rili tano hivi, na inapangwa kwa sehemu, kuanzia kuzaliwa hadi kusulubiwa, huku kila sehemu ikipewa kichwa chake. Muswada hauongezi mazungumzo wala wahusika wa kubuni ili kunogesha. Unaamini kwamba mahali penyewe pataongeza kile ambacho maneno hayasemi. Wapo wanaoiona baridi kwa sababu hiyo. Mimi naona ni uamuzi wa mtu anayejua mipaka ya chombo chake.

Ilionyeshwa kwanza London, katika ukumbi wa Queen's Hall, mwezi Oktoba 1912, na kuzua mabishano. Sharti la Wallace, kwamba Yesu asiwekewe umbo la mwigizaji, lilikuwa hisia ya watu wengi. Bodi ya Uingereza ya kukagua filamu ilipoanza kazi mwaka 1913 ilikuwa na makatazo mawili tu ya msingi: uchi, na kumwonyesha Kristo. Huko Marekani filamu hiyo iliendelea kuuzwa na kuonyeshwa tena kwa miaka mingi, na mwaka 1998 iliingizwa katika Rejista ya Taifa ya Filamu inayosimamiwa na Maktaba ya Bunge.

Kuondoka

Mafanikio hayo yalivunja uhusiano wa kikosi na kampuni. Mwishoni mwa 1912 Gauntier, Olcott na mwigizaji Jack Clark, ambaye Gauntier alikuwa amefunga naye ndoa mwaka huo, waliondoka Kalem na kuanzisha Gene Gauntier Feature Players, kampuni iliyobeba jina lake yeye. Studio yao ilikuwa jengo lililokuwa kanisa, New York. Filamu zao zilisambazwa na Warner's Features. Walirudia yale waliyoyajua: A Daughter of the Confederacy mwaka 1913 ikamrudisha jasusi wa Kusini, na filamu za Ireland zikafuata. Olcott alijitenga mwaka 1914. Mwaka 1915 Gauntier na Clark walikwenda kampuni ya Universal, na muda mfupi baadaye yeye akaacha filamu kabisa.

Kwa nini mtu aliyeweza kufanya kila kitu ashindwe pale ambapo kila kitu kilianza kulipa? Jibu lake mwenyewe, alilolitoa katika miaka ya 1920, lilikuwa kwamba baada ya kuzoea kuwa na mamlaka juu ya yote hakuweza kufanya kazi chini ya masharti mapya. Nadhani alisema kweli, ila jibu hilo linahusu tabia, na kuna sababu ya kimfumo nyuma yake. Katika miaka hiyohiyo studio kubwa zilikuwa zikiigawanya kazi. Mtayarishaji wa filamu Thomas Ince alifahamika kwa kusisitiza muswada kamili unaoorodhesha kila picha, vifaa na mahali kabla senti haijatumika, ili mwenye studio ajue gharama na muongozaji asibadilishe jambo. Muswada wa aina hiyo ulimpa mwandishi cheo, meza na mshahara, lakini ulimtoa kwenye eneo la kupiga picha. Mwigizaji naye alipata jina kubwa na fedha, akaondolewa kwenye meza ya uandishi. Waandishi Anita Loos, Jeanie MacPherson na Frances Marion walistawi katika mpango huo, na MacPherson alikuwa ameanza kama mwigizaji kabla ya kuandika karibu pekee kwa ajili ya muongozaji Cecil B. DeMille. Gauntier alikuwa wa mpango uliotangulia, ambamo mtu aliandika tukio huku akiliangalia bonde litakapochezwa.

Mwaka 1925 Ben-Hur ilitengenezwa upya na Metro-Goldwyn-Mayer, safari hii haki zikiwa zimenunuliwa kwa mazungumzo marefu na ghali. Majina ya walioiandika yalitajwa: June Mathis, Bess Meredyth na Carey Wilson. Meredyth naye alikuwa ameanza kama mwigizaji. Gauntier wakati huo alikwishakuwa mhakiki wa filamu na tamthilia katika gazeti la Kansas City, na maisha yake yakaelekea Ulaya, ambako dada yake aliolewa Sweden. Alichapisha riwaya mbili, Cabbages and Harlequins mwaka 1929 na Sporting Lady mwaka 1933, na juu ya majalada yake jina lake lilikuwepo bila ubishi. Alifariki Cuernavaca, Mexico, mwaka 1966.

Sehemu kubwa ya tunachokijua kuhusu uandishi wake kinatoka kwake. Kumbukumbu zake, zenye kichwa Blazing the Trail, zilichapwa kwa mfululizo katika jarida la Woman's Home Companion mwaka 1928 na 1929, wakati filamu za sauti zilikuwa zikiingia na wakongwe wakihisi kwamba dunia yao inafutika. Ni ushahidi wa mtu anayejitetea, na msomaji makini atauchukulia hivyo. Hata hivyo una sifa ambayo mtu anayejikweza kwa kawaida hana: unataja bahasha, futi za ukanda, na haraka isiyo na heshima yoyote ya kisanaa. Matangazo ya kampuni katika majarida ya biashara yanathibitisha tarehe na mada za filamu, lakini hayataji aliyeandika. Usajili wa hakimiliki hutaja kampuni. Na kanda zenyewe, zile zilizosalia, hazina orodha ya majina mwanzoni wala mwishoni. Ndiyo maana orodha za kazi zake zinapowekwa pamoja hazilingani. Anayehesabu zile alizozitaja yeye, anayeongeza zile alizoigiza chini ya Olcott kwa kudhani kwamba aliziandika pia, na anayekubali tu zile zenye ushahidi wa pili, kila mmoja hupata idadi yake, na kila mmoja anaweza kuieleza kwa hoja.